Nilipeleka gereji yangu Nduruma nikidhani nimewazidi akili mafundi wa Kwa Mrombo

Wakuu, heshima kwenu.

Nawasalimu wote, mnaochangia na mnaopita kimyakimya kama mnasoma gazeti la jirani.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Arusha. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari ninaoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitashikwa mkono.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna mdau humu aliuliza: kwa nini mafundi wa aina moja wanajazana sehemu moja? Si bora mtu afungue mahali ambapo hakuna mwenzake? Wengi walimjibu kwa kubahatisha. Mimi nina jibu la vitendo, na ada yake nimelipa.

Kwanza mnifahamu.

Mimi ni Mmeru, mtoto wa mkulima wa kahawa na ndizi huko juu ya Tengeru. Nina Diploma ya ufundi magari, na sikuipata kwa kubebwa. Sina mjomba waziri wala shangazi Ulaya. Nilijisomesha kwa kuchomelea mageti ya watu wakati wa likizo, kisha nikaenda Muscat, Oman, kufanya kazi kwenye gereji ya magari ya jangwani. Nilianza kwa kufagia. Nilipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa naitwa gari likishawashinda wengine.

Sisemi haya kujisifu.

Sawa, najisifu kidogo. Aliyetoka jasho ana haki yake.

Utaalamu wangu ni chasisi. Kwa wasio wa fani, chasisi ni ule mfupa wa chuma chini ya gari unaobeba kila kitu. Hapa Arusha kuna kazi ambayo mikoa mingine hawaijui sana. Mtu ananunua kruza, yaani Land Cruiser, ya kawaida, inakatwa katikati, inarefushwa, inawekewa paa la kunyanyuka ili mgeni asimame kumwangalia simba, inaongezewa viti, inafungwa springi nzito za kuhimili barabara za mbugani. Gari linaingia gereji likiwa la kupeleka watoto shule, linatoka likiwa ofisi.

Sasa kwa nini nilirudi?

Nilikuja likizo, binti yangu mdogo akatoka ndani, akaniangalia kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo mjomba."

Mama Anna, yaani mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Siku ile ile nikamwambia sirudi tena Uarabuni, nitafungua gereji yangu. Akaniuliza swali moja tu.

"Na ikikataa?"

"Ikikataa narudi."

Maana bosi wangu wa Muscat alikuwa ameniahidi kwamba hatampa mtu nafasi yangu mpaka msimu wa wageni uanze huku kwetu, kwenye mwezi wa sita hivi. Kwa hiyo muelewe kilichokuwa mezani. Gereji ikisimama, nabaki kuwa baba wa watoto wangu. Ikianguka, napanda ndege na kuendelea kuwa mjomba.

Tuendelee.

Wengi mnaijua Kwa Mrombo kwa soko lake. Lakini nyuma huko kuna mtaa mmoja ambao mafundi wa magari ya utalii wamejipanga pande zote mbili. Huyu anarefusha chasisi, yule anatengeneza mapaa tu, mwingine anashona viti tu, mwingine ni springi tu tangu asubuhi mpaka jioni. Rangi, umeme, vioo, duka la spea, mama wa mtori, ile supu yetu ya ndizi, wote wamo humo humo. Magari yamepakiana mpaka ukitaka kutoa moja unahamisha manne.

Katikati ya mtaa huo ndipo alipo shemeji yangu Loishiye, kaka yake mama Anna. Ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, na yeye pia anarefusha chasisi. Ana sauti kubwa kuliko mashine yake ya kukatia chuma. Loishiye akinunua nati moja, mtaa mzima utajua ni nati ya namba ngapi.

Niliporudi akaniita niende kuangalia.

"Ero, shemeji! Hapa jirani yangu pana kiwanja kimebaki. Njoo ufungue."

"Nije kugombania mteja na wewe?"

"Kugombania? Wewe utakuwa unaomba."

Nikasimama pale nikiangalia vumbi na kelele zile, nikapiga hesabu ya mwenye diploma. Nikajiambia: hawa watu wanapigania mteja mmoja. Kodi iko juu, nafasi ni finyu, fundi ukimfundisha leo kesho kaibwa na jirani. Mtu mwenye akili anakwenda mahali ambapo yuko peke yake, ananunua eneo kubwa kwa bei ya chini, anafanya kila kitu chini ya paa moja. Wateja watamfuata kwa ubora.

Nikachagua Nduruma, nje ya mji, kwenye mashamba ya vitunguu.

Nilipomwambia Loishiye, aliweka chini kikombe cha mtori kwanza, ili acheke vizuri.

"Nduruma! Utamrefushia nani huko, shemeji? Vitunguu?"

Nikamwambia atakuja mwenyewe kuomba kazi.

Wakuu, naomba mniamini katika hili: mpaka leo sijaona Arusha gereji nzuri kama ile niliyojenga Nduruma. Sakafu ya zege, laini kama ya kanisa. Kila spana ukutani na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, ukiitoa unaona pengo. Presi ya kukunjia chuma ya Muscat, mashine za kuchomelea za Muscat, bango kubwa la barabarani lenye neno "International". Upepo mzuri, Mlima Meru unauona wote bila kukingwa na ghorofa la mtu.

Nikafungua. Nikakaa.

Wateja walikuja, nisiseme uongo. Alikuja mama mwenye toroli iliyovunjika shingo. Akaja mwenye mashine ya kusaga, akaja wa trekta, akaja babu mmoja mpole na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mwanzoni niliwakataa kwa heshima, nikiwaelekeza kwenye bango. Baadaye nikaanza kuwakubali. Mwishowe nikawa nachungulia njia kuona kama wanakuja.

Diploma yangu na utaalamu wa jangwani, nachomelea toroli. Tena niliichomelea vizuri sana. Toroli ile itazikwa na mwenye nayo.

Nilikuwa nimechukua mafundi wawili kutoka mjini, nikawalipa vizuri kuliko walivyolipwa kule. Hawakudumu. Mmoja alinieleza bila kinyongo wakati anakunja ovaroli lake.

"Bosi, hapa kwako nikikosa kazi, nimekosa. Kule nikikosa kwa Loishiye navuka njia tu."

Nilimwona hana shukrani. Nikawasha mashine nifanye mwenyewe.

Halafu kuna suala la vitu vidogo. Ukirefusha gari unahitaji mpira fulani wa pembeni ya kioo, bolti ya unene fulani, kipande cha bati la unene fulani. Kwa Mrombo ukikosa kitu unapiga kelele, kinarushwa kutoka ng'ambo ya njia. Nduruma ukikosa bolti moja, siku yako imekwisha. Unakwenda mjini, unapata bolti, unarudi, unagundua ulihitaji mbili.

Hapa nitoke kidogo kwenye stori, maana ndipo penye somo ambalo mdau wetu aliuliza.

Yule fundi wa springi wa Kwa Mrombo hafanyi kitu kingine maishani mwake. Anaamka springi, analala springi. Anaweza kuishi hivyo kwa sababu gereji zote zile zinamletea kazi, ndogo ndogo, mpaka siku inajaa. Mlete mtu yule Nduruma, kwa gereji yangu moja, atakufa njaa au atalima vitunguu. Na kwa kuwa hawezi kuja kwangu, mimi inabidi niwe fundi wa springi, na wa viti, na wa paa, na wa rangi. Nitavijua vyote, lakini hakuna nitakachokifanya haraka kama mtu anayekifanya kila siku. Hiyo chuoni hawakunifundisha, au walifundisha siku niliyokuwa nachomelea mageti.

Turudi.

Baada ya Pasaka nikapata mteja wa kweli, Baba Eliya. Ni mzee wa kwetu mlimani, tunasali usharika mmoja. Amekuwa dereva wa watalii tangu mimi nikiwa mtoto, akiendesha magari ya watu wengine. Hatimaye alinunua kruza yake mwenyewe, na wageni wake wa kwanza walikuwa wanakuja mwezi wa sita. Wote Kwa Mrombo walimwita. Yeye akaileta Nduruma kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumbani.

Nilimwambia, "Baba, gari hili utalitoa hapa likiwa kamili. Sitaomba mkono wa mtu."

Nikarefusha chasisi. Wakuu, ile chasisi! Kuna namna ya kuweka mabano ya ndani, yaani vipande vya chuma vya kuimarisha, pale chuma kilipoungwa, tuliyokuwa tunatumia Muscat kwa magari ya kuruka matuta ya mchanga. Niliiweka. Ungeweza kulining'iniza gari lile kwenye mti lisipinde.

Kisha nikafika kwenye paa.

Paa nililokata halikukaa. La pili likakaa, ila likawa linavuja, nikaling'oa. Vitambaa vya viti nilivyoagiza vikaja rangi nyingine. Springi nikaambiwa zinahitaji kupimwa gari likiwepo, na gari liko Nduruma. Siku zinakwenda, na mimi natembea kati ya shamba na mji kama mjumbe wa nyumba kumi.

Asubuhi moja Baba Eliya akaja. Nikamwamkia, akaitikia, nikamletea kiti. Akaliangalia gari muda mrefu.

"Naona halina paa."

"Paa linakuja, baba."

"Linatoka wapi?"

"Mjini."

"Na viti?"

"Mjini."

"Springi je?"

"Nazo mjini."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelewa.

"Sasa mwanangu, hili gari huku linafanya nini?"

Nimejibu mitihani migumu maishani, lakini pale nilitazama mlima.

Tulikubaliana gari lihamie mjini. Nikampigia Loishiye, nikijua nitachekwa, nikamwomba kile kiwanja cha jirani yake. Akaniambia bado kipo, alikuwa amemzuia mwenye nyumba asikitoe kwa sababu alijua nitakuja. Hilo liliniuma zaidi ya kuchekwa.

Gari lisilokamilika huwezi kuliendesha, kwa hiyo tulilivuta. Na chombo pekee kilichopatikana Nduruma siku ile kilikuwa trekta. Ndiyo, la yule mteja niliyemwonyesha bango. Tukaingia Kwa Mrombo siku ya soko, trekta mbele, kruza isiyo na paa nyuma, na mimi nimekaa kwenye usukani nikiwa na miwani myeusi.

Loishiye alikuwa katikati ya njia kama trafiki.

"Pisheni! Pisheni! International imefika!"

Tangu siku ile mtaani naitwa International. Hata mwenye nyumba ananiita hivyo.

Mtadhani mambo yalinyooka. Bado.

Mimi nilikuja mjini na akili yangu yote. Zile mbinu za mabano ya Muscat sikutaka mtu azione, hasa Loishiye. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutengeneza geti la bati, refu, nikalifunga kwa ndani. Nikamtafuta fundi wa paa anayesifiwa kuliko wote, Dullah, mtu wa Tanga, mpole na mwepesi wa maneno. Nikampigia simu, tukapanga siku.

Hakuja.

Nikapiga tena. "Naja kesho, kaka." Hakuja. Fundi wa viti, vivyo hivyo. Wa springi hakupokea kabisa, na nyundo ya gerejini kwake nilikuwa naisikia kutoka nilipokaa. Nikaamini wananihujumu. Nikamwambia mama Anna kwamba hii ndiyo shida ya nchi yetu, watu hawajui miadi.

Mwezi wa tano ukawa unaisha. Bosi wa Muscat akapiga simu. Aliongea kwa upole, akauliza afya ya watoto, kisha akasema ana mtu mwingine anayeomba ile nafasi, nimpe jibu.

Nilipokata simu, mama Anna aliingia chumbani, akalishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka karibu na mlango. Binti akaliona, akauliza kama kuna mgeni anaondoka.



Kesho yake nikaenda kwa Loishiye nikiwa nimekunja uso. Nikamwambia mafundi wake ni wahuni. Nimehamia mjini kama alivyotaka, nimelipa kodi, nimewapigia simu kama wafalme, na gari la mzee bado halina paa.

Akaniangalia kama anatazama gari lililofungwa gurudumu kinyume.

"Shemeji, wewe hujahama. Umekuja na Nduruma yako, ukaizungushia bati."

Kisha akanieleza kitu ambacho kila mtu wa mtaa ule anakijua mpaka hakuna anayekumbuka kukisema.

Pale mchana hakuna anayefunga mlango. Kazi inakwenda kwa macho. Dullah akipita asubuhi kwenda kunywa mtori anachungulia kila gereji. Akiona chasisi imeshasimama na nguzo za paa ziko wazi, anajua zamu yake imefika, anaingia na futi yake ya kupimia. Fundi wa viti akipita akaona paa limekaa, anaingia. Wa springi akiona viti vimefungwa na uzito umejulikana, anaingia. Simu wanapigiana ndugu. Gari lisiloonekana halipo kwenye foleni, hata kama mwenyewe anapiga simu mara kumi.

"Tena wanajua una siri humo ndani," akaongeza. "Wanaogopa kuingia wasije wakaambiwa wameiba."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ungenisikia? Mimi na cheti changu cha kuunguza suruali?"

Nilirudi gerejini kwangu, nikawasha mashine ya kukatia, nikalikata geti kwenye bawaba. Ningeweza kulifungua tu, najua. Lakini ukinijua mimi, kitu nikikifanya nakifanya kwa kishindo. Cheche zikaruka mpaka njiani, mtaa mzima ukatoka kuangalia kulikoni. Bati lilipoanguka, Dullah alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe mkononi.

Akaingia, akazunguka gari, akagusa nguzo.

"Kumbe hapa paa lilikuwa linasubiriwa? Mbona hukusema, International?"

"Nilikupigia simu!"

"Simu kila mtu anapiga, kaka."

Akaweka kikombe juu ya boneti, akatoa futi. Saa nne ilipofika, kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye benchi la mama wa mtori pamoja nao. Wakuu, kwenye benchi lile nilisikia mambo ambayo huko Nduruma ningeyatafuta mwaka mzima: mzigo gani wa bati umeingia, mteja gani ni msumbufu, fundi gani mzuri wa umeme hana kazi leo. Vyote kwa bei ya mtori, na mtori wenyewe Loishiye alisema uandikwe kwenye deni langu.

Gari likaanza kwenda kwa kasi iliyonitisha. Paa likakaa bila kuvuja. Fundi wa viti alikuwa anasubiri mlangoni kabla Dullah hajafunga boksi lake. Wa springi alikuja kwa miguu na springi begani, akaingia bila hodi, akapima, akatoka, akarudi na nyingine. Hata Loishiye aliazima presi yangu, na aliponirudishia alikuwa ameipaka grisi mahali ambapo mimi nilikuwa nimesahau.

Wote walilala chini ya gari kuangalia mabano ya Muscat. Mmoja mmoja. Loishiye alikaa huko muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

Baba Eliya alikuja kulichukua siku moja kabla ya kwenda uwanja wa ndege kupokea wageni wake. Rangi ilikuwa bado inanukia. Hakusema asante haraka. Alilala chini akaangalia, akainuka, akaingia, akakaa kwenye kila kiti kimoja kimoja, hata cha nyuma kabisa. Kisha akanyanyua paa, akasimama, kichwa na mabega nje, akaweka mikono machoni kama ana darubini, akaangaza mtaa wote taratibu kutoka upande huu mpaka ule.

"Naona nyumbu wengi sana huku," akasema.

Watu walicheka mpaka mama wa mtori akamwaga sahani. Loishiye akajibu kwa sauti yake ile ya kawaida, "Basi lipa kiingilio cha hifadhi, mzee!"

Baba Eliya akateremka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kimeru, taratibu. Maneno yale nitayabakiza mwenyewe. Akaondoka.

Sikusubiri jioni. Nilisimama pale pale kwenye kelele, nikampigia bosi wa Muscat, nikamwambia ile nafasi ampe huyo kijana anayeiomba. Akaniuliza kama nina uhakika, maana hanisikii vizuri, kuna kelele. Nikamwambia kelele hizo ndizo uhakika wenyewe.

Sanduku lilirudi juu ya kabati. Sasa lina nguo za baridi za watoto.

Msije mkadhani mtaa ule ni peponi. Nitasema na machungu yake.

Mbinu yangu ya mabano iliibwa. Naandika "iliibwa" ingawa mama Anna ananiambia niandike "iliigwa". Haikuchukua muda, gereji zote za chasisi pale zinaiweka, na Loishiye anawaeleza wateja kwa undani kana kwamba ndiye aliyeishi jangwani. Nilinuna. Kisha wakaanza kuja watu kutoka Karatu, kutoka Moshi, wanauliza "zile chasisi ngumu za Kwa Mrombo". Hawaulizi jina langu, na hilo linanikera mpaka leo. Lakini kwa kuwa wanakuja wengi, na Loishiye hawezi kuwamaliza, wanaobaki wanavuka njia. Nina kazi nyingi kuliko niliyowahi kuota nikiwa peke yangu na siri yangu.

La pili ni mwenye nyumba. Mtaa ulivyojaa wateja, yeye hajashika hata spana, kapandisha kodi. Tunafanya kazi kwa jasho, ardhi inanenepa. Kama kuna mtaalamu wa uchumi humu, aje atueleze dawa yake, maana mimi sijaiona.

Na vumbi lipo. Na fundi wangu mzuri wa kuchomelea amekwenda kwa Loishiye. Lakini wa Loishiye amekuja kwangu, kwa hiyo tumenyamaziana.

Gereji ya Nduruma mtauliza. Wakulima wa vitunguu wameikodi kama ghala. Sakafu ile ya zege haipandishi unyevu, upepo unapita vizuri, kumbe nilijenga ghala bora kuliko yote kata nzima bila kujua. Hata nikikosea, nakosea kwa ubora.

Sasa somo, kwa mdau aliyeuliza.

Ukiona watu wa kazi moja wamejazana mahali, usidhani ni wajinga wasiojua kutafuta eneo. Wamekaa karibu ili kila mmoja aweze kufanya kitu kimoja vizuri na vingine avikute mlangoni. Mteja anaenda pale kwa sababu anajua akikosa kwa huyu hatarudi mikono mitupu. Fundi anaenda pale kwa sababu akikosa leo hatalala njaa. Lakini kuhamia tu hakutoshi, nimewahi kulipa kodi ya mjini huku nikiishi shambani. Ukifika, mlango uache wazi.

Na hapa ndipo ninapoomba mchango wenu, wakuu, na sitanii.

Upande wangu wa kushoto pana fremu imeachwa wazi, mwenyewe kahamia kwa watoto wake. Natafuta mtu wa kuja kuifungua. Simtaki wa duka la soda. Namtaka mrefushaji wa chasisi, kama mimi, mshindani wangu kabisa. Awe na diploma, awe na mdomo, awe na mashine nzuri kuliko zangu kama anaziweza. Nimemwambia mwenye nyumba asimpe mtu mwingine.

Mwenye ndugu wa hivyo, aliyeko Dar, Mwanza au bado yuko Uarabuni anasitasita, mwambieni aje tugombane.

Karibuni kwa maoni.